Mwalimu wa Malango Arobaini

Alikuwa na tabia ya kubisha mlango wake mwenyewe. Jioni akitoka shule, mkoba kwapani na ufunguo mkononi, alifika kwenye nyumba yake pale Kibomet, nje kidogo ya Kitale, nyumba ambayo haikuwa na mtu ndani, akagonga mara mbili, akangoja kidogo, ndipo akafungua. Sisi watoto wa jirani tulijificha nyuma ya ua wa michongoma tukicheka hadi mbavu zikauma. Siku moja nikajikaza nikamwuliza anambishia hodi nani. Hakukasirika. Alisema nyumba ikikaa kimya siku nzima si vizuri kuiingilia ghafla. Kisha akaniuliza kama nimemaliza hesabu zangu, na mimi nikatoka mbio.

Jina lake silitaji. Hata zamani hatukulitumia. Walimu wengine walikuwa mwalimu fulani na fulani, yeye alikuwa Mwalimu tu. Alitufundisha hesabu. Alikuwa mrefu na mwembamba, kola ya shati imegeuzwa ili pasionekane palipochakaa, kipande cha chaki nyuma ya sikio. Kwao ni upande wa Bungoma, na alipokasirika au kushtuka l na r zilimchanganyikia. "Wewe, hebu reta hiyo daftari!" Hatukuthubutu kucheka mbele yake. Wenzake wakiwa stafrumu, chumba cha walimu, wanabishana mambo ya mpira na siasa, yeye alisimama dirishani na kikombe chake cha chai ya rangi bila sukari, akitazama mlima Elgon ukijifunika wingu. Watu wengine walisema aliwahi kuwa na mke, wengine wakakataa. Ninachojua mimi ni kwamba kwenye kamba yake ya nguo sikuwahi kuona kitu ila mashati matatu na suruali mbili.

Alikuwa na msemo mmoja uliotuchosha sana. Ukimpa jibu, hata likiwa sahihi, hakuridhika. "Usinipe jibu. Niambie ulipitia wapi." Aliwaambia hivyo watoto, fundi wa baiskeli, hata mama yangu aliyekuwa akimpelekea maziwa. Mama alimwambia siku moja kwamba wiki hiyo amechukua chupa kumi na moja. Mwalimu akauliza, "Ulipitia wapi, mama?"

"Nimepitia kwa chupa, Mwalimu! Kwani kuna njia ingine?"

Mama alirudi nyumbani akisonya, akasema mtu akiishi peke yake hivyo lazima kichwa kilegee kidogo. Lakini kesho yake alimwongezea maziwa.

Usidhani alikuwa malaika. Darasani alikuwa na fimbo ya mkaratusi na aliitumia. Aliwafukuza wavulana waliocheza mpira wa makaratasi karibu na dirisha lake, akisema mchezo unaharibu watoto. Na mtu huyo huyo, Jumatano baada ya chakula cha mchana, aliiegemeza fimbo ukutani, akafungua chumba chembamba kando ya stafrumu, akatuita tukacheze. Mimi hilo sijawahi kulielewa vizuri. Aliwaambia wenzake kwamba mtoto akicheza kichwa kinafunguka bila yeye kujua, na akichapwa kinajifunga. Mwalimu Mkuu akamwuliza, "Sasa mbona unachapa?" Mwalimu akanywa chai yake.

Ndani ya chumba hicho kulikuwa na kompyuta. Ilikuwa miaka ya themanini, na neno hilo hatukulijua, tuliiita mashine. Aliachiwa na Mzungu mmoja aliyefundisha sekondari kisha akarudi kwao. Ilikuwa na kibodi nene, televisheni ndogo isiyo na rangi na redio ya kaseti, maana mchezo ulihifadhiwa kwenye kaseti. Mchezo wenyewe aliuandika Mwalimu, likizo nzima, akiwa amejifungia. Kwenye kioo kulikuwa na mkokoteni wa mahindi unaovutwa na ng'ombe. Ng'ombe yule alikuwa wa vijisanduku vyeupe na alifanana zaidi na kigoda. Safari ilianzia Sirisia, kwao Mwalimu, ikaishia Kitale, na njiani mlikuwa na malango arobaini. Kila lango lilikuwa na swali. Unaonyeshwa vitu vitano, vinapotea, vinarudi vinne: kipi hakipo? Unaonyeshwa njia mbili zinazopindapinda: ipi fupi? Unapewa namba zinazofuatana, moja imeruka. Unabonyeza moja, mbili au tatu. Ukipata, lango linafunguka. Ukikosa, unarudishwa lango moja nyuma. Ukifika mwisho mashine inalia mlio mrefu na maandishi yanatokea: UMEFIKA KITALE.

Maswali yalikuwa mengi, na mashine iliyachanganya kama karata. "Kwa hivyo hapa hakuna kukariri," alituambia, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akijivuna. "Hapa ni kufikiri peke yake."

Waliopelekwa kwenye chumba hicho hawakuwa watoto wenye akili. Alituchukua sisi tuliorudia madarasa, sisi vichwa maji. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye orodha. Nilikuwa narudia darasa la tano na bado herufi zilinikimbia kwenye ukurasa. Mwalimu alikuwa ameweka nadhiri na nafsi yake kwamba ataonyesha watoto wa aina yetu wanaweza kufikiri wakipewa njia nyingine. Mwalimu Mkuu kwa upande wake alikuwa anakihitaji chumba kile kwa mahindi ya shamba la shule. Wakapatana kwamba mkaguzi wa elimu ataletwa mwisho wa muhula aone. Akiridhika, mashine inabaki. Asiporidhika, magunia yanaingia.

Kuna mambo mawili kuhusu Jumatano zile ambayo ni lazima niyaeleze vizuri.

La kwanza, Mwalimu hakuangalia mchezo. Aliketi nyuma ya televisheni, akimkabili mtoto, daftari la kijani magotini. "Mchezo naujua, niliuandika mimi," alisema. "Mimi naangalia uso." Aliandika mtoto amekunja kipaji lini, ametabasamu lini, ametazama dari lini. Kioo alikuwa hakioni hata kidogo. Sisi tuliosimama kwenye foleni nyuma ya mchezaji ndio tuliokiona.

La pili, mashine ilikuwa inapata joto. Mwalimu alikulia nyuma ya plau, na huko kwao ng'ombe akifika mwisho wa mtaro hupumzishwa kabla ya kugeuzwa. Basi kila mtoto alipomaliza zamu yake, Mwalimu alichomoa waya, akaweka kiganja juu ya kibodi mpaka ipoe, akachomeka tena, akarudisha kaseti nyuma, tukangoja dakika kadhaa redio ikipiga kelele kama bati linalokwaruzwa. Ndipo wa pili akaanza. Ilichukua wakati mwingi sana. "Kila mtoto apate mashine imepumzika," alisema. "Hiyo ndiyo haki."

Na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Mashine ile ikizimwa ilisahau kila kitu, hata namna ilivyochanganya maswali dakika chache zilizopita, na ikiwashwa iliyachanganya vile vile tena. Swali la kwanza lilikuwa taa ya chemni, ile ya mafuta yenye kioo, iliyopotea, kila mtoto, kila Jumatano. La pili lilikuwa njia fupi ya kwenda mtoni. Mwalimu hakuona kwa sababu alikuwa anaangalia nyuso. Wenzangu hawakuona kwa sababu walisoma maneno, na wakishafika lango la kumi walikuwa wamesahau la kwanza. Mimi sikuweza kusoma haraka, kwa hiyo nilitazama picha na vidole.

Nilianza kuziokota namba moja moja nikiwa kwenye foleni. Mtu akikosa, najua jibu si hilo. Akipata, naliweka. Malango ambayo wenzangu hawakuyafikia niliyajaribu mwenyewe zamu yangu ikifika. Jioni nikipukuchua mahindi na mama niliziimba kimoyomoyo kwa mafungu, tatu mbili mbili, moja tatu, mbili moja moja, na kila fungu nililipa mtu wa kijijini kwetu: hili la muuza mkaa anayechechemea, hili la shosho, yule bibi kizee, akishuka na kuni. Nilikuwa nawapitisha watu wote wa Kibomet kichwani, mmoja baada ya mwingine, hadi nafika mwisho. Ilinichukua karibu muhula mzima.

Jumatano niliyofika Kitale, mashine ililia na Mwalimu akainuka kwa kishindo hadi kiti kikaanguka. Hakuna mtoto mwingine aliyekuwa amevuka hata lango la ishirini. Alizunguka akaja kutazama yale maandishi, akayatazama tena. Kisha akanipa mkono, mkono wa mtu mzima kwa mtu mzima. Hakuniuliza nilipitia wapi. Nilingoja aniulize, nilikuwa tayari kusema, lakini furaha ilimsahaulisha msemo wake. Jioni alikuja hadi kwetu, akasimama mlangoni, akamwambia mama, "Mama, huyu mtoto ana akili."

"Ati nani? Huyu wangu?"

"Huyu."

Mama aliketi juu ya ndoo ya maziwa. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno hilo, na nilijua ni la uongo, na nililitaka kuliko chakula. Ningefungua mdomo vipi?

Mkaguzi alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulioniponza. Alivua koti, akasema kabla ya mtoto acha nijaribu kidogo. Akavuka malango sita akicheka. Nilikuwa nimesimama kando, sare imepigwa pasi, mafungu yangu yote yamepangwa kichwani. Mkaguzi alipoinuka, Mwalimu akashika waya ili aipumzishe mashine. Mwalimu Mkuu akatazama saa.

"Mwalimu, mgeni hana wakati. Mtoto aendelee hapo hapo."

"Imepata joto. Ipumzike kidogo."

"Hii si ng'ombe, bana!"

Chumba kizima kikacheka. Mwalimu akauachilia waya, akaenda kuketi nyuma ya televisheni na daftari lake. Kwa kuwa haikuzimwa, mashine ilimwacha ng'ombe kwenye lango la saba na kumchanganyia mchezaji mpya maswali upya, na mimi nikaketi mbele ya maswali ambayo sijawahi kuyaona maishani mwangu.

Hapakuwa na taa ya chemni. Nilibonyeza tatu, mbili, mbili, kwa sababu sikuwa na kitu kingine. Ng'ombe akarudi nyuma. Nikabonyeza moja, tatu. Akarudi tena. Alirudi mpaka Sirisia akasimama pale, na mimi nikaendelea kubonyeza huku machozi yakinitoka, na kila nilipoinua macho nilikuta Mwalimu ananitazama. Hakutazama kioo. Aliona uso wa mtoto asiyejua kitu, akainamisha kichwa, akaandika mstari mmoja.

Mkaguzi alisema kwa upole, "Ni mchezo mzuri, Mwalimu. Lakini ni mchezo." Kabla ya shule kufungwa magunia yalikuwa yameingia. Mwanzoni mwa mwaka Mwalimu alihamishwa kwenda upande wa Sirisia. Siku aliyoondoka nilikuwa nyuma ya michongoma. Alipakia vitu vyake, vilivyokuwa vichache, mashine akaifunga kwa blanketi. Akafunga mlango, kisha akagonga mara mbili, akiwa nje, anaondoka. Sikutoka kumuaga. Nimewahi kufanya mabaya mengine, lakini hilo ndilo linalonirudia nikiwa peke yangu, na niko peke yangu mara nyingi.

Sikuwa msomi. Lakini miaka ya tisini niliajiriwa kuunganisha simu katika kampuni moja pale Kitale, na walionipa kazi hiyo waliniona kama kioja. Kitabu cha namba sikukihitaji. Mtu akisema anamtaka nani, vidole vyangu vinajua vinakokwenda. Bosi alinionyesha wageni kama vile mtu anavyoonyesha kasuku. Hata hivyo sikuwahi kuiita hiyo akili. Niliiita ule ujanja wangu wa zamani.

Kazini nilikuwa na mwenzangu mzaliwa wa Sirisia. Siku moja alinisimulia kichekesho cha kwao, mzee mmoja mwalimu mstaafu aliyepanga chumba nyuma ya posho mill, pale wanaposaga unga, ili apate umeme, na umeme wenyewe hautumii. Ana televisheni ameifunika kitambaa cha kushona kwa mkono, hajawahi kuiwasha. "Na akiingia kwake anapiga hodi!" Mwenzangu alicheka peke yake.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa ameketi akitazama nje. Nywele zimekuwa nyeupe, kola bado imegeuzwa.

"Habari yako, Mwalimu."

Alinitazama usoni kwa muda, kama zamani. "Wewe ni wa Kibomet. Mtoto wa mama wa maziwa. Kalibu."

Alinipa chai ya rangi. Niliuliza habari za afya, akasema yuko. Niliuliza habari za watu wake, akasema ninywe chai isipoe. Kitambaa kilikuwa pale juu ya televisheni, cheupe, kimefuliwa. Nikamwambia, Mwalimu, kuna jambo nilikuficha. Nikamweleza yote, taa ya chemni, foleni, waya aliouchomoa kila mara, mafungu yangu, mkaguzi. Nilisema haraka bila kumtazama. Nilipomaliza, mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma upande wa pili wa ukuta.

"Siku ile," alisema, "niliangalia sura yako nikajua sijakufundisha kitu. Wewe wala yeyote. Nikasema basi. Tangu hapo sijaiwasha."

"Kosa lilikuwa langu, Mwalimu."

Aliinuka, akaondoa kitambaa, akakikunja mara nne. Akachomeka waya. Akatia kaseti, na kelele ile ya bati ilipoanza sote wawili tulitazama sakafu. Picha ilisinyaa kidogo kwa sababu posho mill ilikuwa inavuta umeme, lakini ikatokea. Ng'ombe wa vijisanduku, Sirisia. Mwalimu akatoka nje akafunga mlango, akaniacha humo ndani.

Nilidhani amekasirika, na ningekuwa mimi ningekasirika. Nilikaa na mashine ile nikasikia upweke wa chumba, kikombe kimoja juu ya rafu, kile nilichonywea mimi, maana alikuwa amenipa kile chake cha pekee. Kwenye kioo vitu vitano vilitokea vikapotea. Taa ya chemni. Nikabonyeza tatu. Lango likafunguka.

Nikampitisha muuza mkaa. Nikampitisha shosho na kuni zake. Wengi wao walikuwa wameshakufa au kuhama, lakini walikuja wote, mmoja baada ya mwingine, na sikukosea hata lango moja. Lile la arobaini lilipofunguka mashine ililia, kwa sauti ambayo nadhani soko zima lilisikia.

Mlango ukagongwa, mara mbili.

Nikasema, "Karibu, Mwalimu."

Hakuingia. Nilimsikia amesimama pale nje. Kisha akauliza kupitia ubao wa mlango, "Yote arobaini?"

"Yote."

"Bila kuandika mahali?"

"Bila, Mwalimu."

"Ulipitia wapi?"

Nikamweleza kupitia mlango ule ule, kuhusu watu wa Kibomet na mafungu yao, nani alifuata nani na kwa nini. Alipoingia macho yalikuwa mekundu, na hakujaribu kuyaficha. Akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akatoa daftari la kijani, akafunua mpaka ile siku ya mkaguzi. Palikuwa na jina langu na mstari mmoja: Hajashika kitu, kosa ni langu. Akatafuta kalamu mfukoni, akaukata mstari wote kwa rula, akaanza kuandika chini yake, polepole, akiniuliza tena muuza mkaa alikuwa na namba zipi.

Katikati ya kuandika akasimama, akaniuliza kama nina haraka. Gari la mwisho la kurudi Kitale lilikuwa linakaribia kuondoka. Nikamwambia sina.